HDR Imegoma? Kagua Fremu Kabla Hujagusa Vitelezi

Picha ya HDR hutokana na fremu kadhaa za mandhari ileile zilizopigwa kwa mwanga tofauti. Anga inachukuliwa kwenye fremu nyeusi, kivuli kinachukuliwa kwenye fremu nyeupe, na programu inaviunganisha. Matokeo yakiwa mabaya, wengi hukimbilia vitelezi vya kompyuta, wakivuta huku na kule mpaka picha inachoka. Mara nyingi kosa halipo hapo. Liliingia pale pale kamera ilipokuwa juu ya tripodi, na hakuna programu inayoliondoa bila kuacha kovu.

Kwa hiyo anza hivi: fungua kila fremu peke yake, ikuze hadi asilimia 100, uangalie mambo matatu. Je, zote ni kali, hakuna iliyotikisika? Je, jiwe au kona ya ukuta imekaa mahali palepale katika kila fremu? Je, fremu nyeusi kuliko zote ina anga isiyoungua (isiyogeuka nyeupe tupu), na nyeupe kuliko zote inakuonyesha kilichomo kwenye kivuli? Zikishindwa hata swali moja, usipoteze muda na kompyuta. Tafuta dalili yako hapa chini na ujue cha kubadilisha utakaporudi kupiga.

Kuna swali jingine linalotangulia yote: je, mandhari yako ilihitaji HDR? Kamera nyingi za siku hizi zikipiga RAW (faili ghafi la kamera) kwa ISO ya chini (hisi ya kamera kwa mwanga) hubeba takriban stopu 11 hadi 14 za mwanga, kila stopu ikiwa mara mbili ya iliyotangulia. Mashamba ya chai ya Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, yakiwa ndani ya ukungu hayafiki hata nusu ya hapo. Tukuyu siku ya mawingu mazito, vilevile. Ukiunganisha fremu tano za ukungu utapata faili kubwa na ukungu mchafu. HDR ina kazi kwenye korongo la Isimila saa sita mchana, ambako nguzo za udongo upande mmoja zinawaka jua na upande wa pili ziko gizani. Matema, kwenye Ziwa Nyasa, asubuhi, pale anga imeshapambazuka lakini ufukwe bado umefunikwa na kivuli cha Milima ya Livingstone. Kwenye pango lililo nyuma ya maporomoko ya Kaporogwe ukitazama nje. Na ndani ya chumba chochote chenye dirisha linaloangalia jua.

Anga bado imeungua, au kona bado ni nyeusi tii

Fremu zako hazikufika mwisho wa mwanga, upande mmoja au pande zote mbili. Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake ni kukariri: kamera imewekwa fremu tatu, stopu 1 kati yake, na mpigaji anaamini hiyo ndiyo HDR popote aendapo. Fremu tatu za stopu 1 zinakuongezea stopu 2 tu. Picha moja ya RAW ingeweza kukupa karibu hizo hizo.

Pima badala ya kukisia. Weka kamera kwenye M (unapanga mwanga mwenyewe), ISO 100, tundu la lenzi f/8, na kipima mwanga kisome sehemu ndogo ya katikati tu. Chukua mfano wa chumba cha nyumba ya wageni mjini Iringa, dirisha likiangalia vilima. Elekeza kwenye mandhari ya nje: kipimo kinasema shata 1/500 ya sekunde. Elekeza kwenye kona chini ya kitanda: kinasema nusu sekunde. Hesabu hatua: 1/500, 1/250, 1/125, 1/60, 1/30, 1/15, 1/8, 1/4, 1/2. Ni stopu 8. Ukipiga kila baada ya stopu 2 unapata fremu tano: 1/500, 1/125, 1/30, 1/8 na 1/2. Hizo zinatosha na zinabaki.

Kamera yako ikiwa na uwezo wa fremu tatu tu kwa mpigo, gawa kazi mara mbili. Mpigo wa kwanza uwe na 1/125 katikati, utakupa 1/500, 1/125 na 1/30. Mpigo wa pili uwe na 1/8 katikati, utakupa 1/30, 1/8 na 1/2. Fremu moja ya 1/30 itakuwa imejirudia, itupe.

Ukiwa hapo hapo, angalia histogramu, grafu ya mwanga wa picha yenye giza kushoto na weupe kulia. Kwenye fremu nyeusi kuliko zote, mlima wa histogramu usigonge ukuta wa kulia. Kwenye nyeupe kuliko zote, usigonge ukuta wa kushoto, na ni vizuri zaidi ukianzia karibu robo ya njia kutoka kushoto. Jua lenyewe likiwa ndani ya picha, usihangaike nalo: litaungua, na ndivyo linavyopaswa.

Kamera imepiga fremu moja tu, au zote zina mwanga sawa

Ukiweka AEB au BKT (mpangilio wa kupiga fremu za mwanga tofauti) huku kamera ikiwa kwenye kupiga mojamoja, lazima ubonyeze mara tatu mwenyewe. Weka kwenye kupiga mfululizo na ushikilie kitufe, au tumia saa ya sekunde 2, ambayo kwenye kamera nyingi hupiga fremu zote bila kuguswa tena. Angalia pia flashi: kamera kadhaa hufuta mpangilio huu flashi ikiwaka.

Mwanga ukiwa sawa kwenye fremu zote, mshukiwa wa kwanza ni ISO ya kujiendesha. Unapunguza muda wa shata kubaki wazi, yenyewe inapandisha ISO kufidia. Ifunge. Mshukiwa wa pili ni shata iliyofika kikomo: juani kwa f/2.8 fremu nyeusi inaweza kuhitaji 1/8000, na kamera yako inaishia 1/4000.

Picha nzima ina pacha, kila mstari umejirudia

Fremu hazikukaa mahali pamoja. Programu ina kazi ya kuzipanga, na kwenye programu ya Lightroom kisanduku cha Auto Align kinapaswa kuwa na alama, lakini sio kila programu inafanya hivyo. Kitufe cha "create HDR" cha darktable, programu ya bure, hakipangi fremu kabisa. Kinaamini tripodi yako. HDRMerge, ambayo nayo ni ya bure, inazisogeza kulia, kushoto, juu na chini, lakini kamera iliyopinda hainyooshi. Kwa fremu zilizozunguka kidogo, zigeuze TIFF na uzipitishe kwenye zana ya align_image_stack inayokuja na Hugin.

Vyanzo vya mtikisiko, kwa mpangilio wa kuvikagua:

- Nguzo ya katikati ya tripodi imepandishwa. Ishushe, na utumie miguu yenyewe kupata kimo.
- Kidhibiti mtikisiko cha lenzi kimeachwa kikiwaka juu ya tripodi. Kizime.
- Kidole. Tumia rimoti au saa ya sekunde 2.
- Udongo. Ule tifutifu wa Rungwe baada ya mvua unazama polepole chini ya mguu wa tripodi, na huoni kwa macho. Kandamiza kila mguu kwa nguvu kabla ya kuanza.
- Upepo. Ning'iniza mfuko wenye uzito chini ya nguzo, lakini uguse ardhi kidogo. Mfuko unaobembea ni mbaya kuliko kutokuwa na mfuko.

Ipo aina moja inayowachanganya watu: katikati ya picha panalingana, pembeni panapishana. Hapo kamera ilitafuta fokasi upya kati ya fremu na fremu. Lenzi ikibadili fokasi, ukubwa wa picha nao hubadilika kidogo. Fokasi mara moja, kisha hamishia kwenye fokasi ya mkono. Na mwanga ubadilishwe kwa shata peke yake. Ukibadilisha tundu la lenzi, kina cha ukali hubadilika na kingo za picha hazitapatana tena.

Vizuka: majani mawili, bodaboda isiyo na dereva, maji yenye matope

Tofauti na pacha, hapa mandhari imetulia lakini kitu fulani kimetembea. Nyanda za juu kusini hazina uhaba wa vitu vinavyotembea: maua ya Kitulo kwenye upepo, mikaratusi ya barabarani, mawingu yanayokimbia juu ya mlima Loleza, watu wa Mwanjelwa jijini Mbeya siku ya soko.

Kwa maua na majani, dawa ni kasi. Tuseme juani Kitulo, kwa ISO 100 na f/8, fremu zako ni 1/1000, 1/250 na 1/60. Hiyo ya 1/60 ndiyo inayoleta balaa, kwa sababu ua linatikisika ndani yake. Pandisha ISO hadi 400, zinakuwa 1/4000, 1/1000 na 1/250. Chenga (punje za ukwaruzo kwenye picha) zitaongezeka kidogo, nazo zinafutika. Ua lililovutika halirudi. Piga mfululizo ili fremu zote tatu ziishe ndani ya sekunde moja.

Kwenye Lightroom, chagua fremu, bonyeza Ctrl+H, na utaona Deghost Amount yenye ngazi nne. Anza na None. Ukiona vizuka panda hadi Low, na usipande zaidi bila sababu. Kila unapopanda, programu inafuta mchanganyiko kwenye eneo lililotembea na kuchukua fremu moja tu, kwa hiyo eneo hilo linakuwa na chenga kuliko majirani zake. Washa alama za Show Deghost Overlay uone ni wapi. Zikifunika nusu ya picha, acha HDR hiyo.

Maji yana tabia yake. Chini ya Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, fremu ya 1/60 inaonyesha matone na ya sekunde 1 inaonyesha maji laini. Ukizichanganya unapata kitu ambacho si matone wala si laini, ni rangi ya uji. Chagua fremu moja ambayo maji yake unayapenda. Unganisha zote kama kawaida, kisha kwenye Photoshop au GIMP weka fremu hiyo juu ya picha iliyounganishwa, uifiche kwa barakoa, na upake kwa brashi laini sehemu ya maji tu. Kabla ya kupaka, sawazisha mwanga wa fremu hiyo na wa picha, la sivyo mto utaonekana umebandikwa. Ni kazi ya dakika kumi, na hakuna kitelezi kinachoifanya vizuri hivyo.

Ndani ya nyumba: mistari ukutani, rangi za fremu hazipatani

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya 1/500 inaona, na inachora mistari ya giza ukutani. Shata ya 1/100, 1/50 au ya polepole zaidi hukusanya mzunguko mzima na mistari inapungua au kutoweka. Shida ni kwamba HDR inahitaji fremu za haraka. Suluhisho ni kukumbuka fremu hizo ni za nini: ni za dirisha peke yake. Piga za haraka taa zikiwa zimezimwa, kisha washa taa upige za polepole, bila kugusa kamera. Siku ambayo jua linaingia vizuri, zima taa zote na upige bila hizo. Chumba kinapendeza zaidi, na hilo linaondoa pia ule ugomvi wa rangi kati ya balbu ya manjano na anga ya buluu.

Rangi zikibadilika kutoka fremu hadi fremu, kamera iliachwa ichague mizani ya nyeupe yenyewe. Iweke kwenye jua au kivuli, moja tu kwa fremu zote. Kama ulipiga RAW hujapoteza kitu: sawazisha zote kwa namba moja, mfano 5200 K, ndipo uunganishe.

Fremu zote zina utando, na kila inayofuata ina zaidi

Hii ni ya wanaoshuka kutoka Mbeya kwenda Kyela. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko karibu na mita 500. Kamera iliyolala kwenye baridi, au iliyosafiri ndani ya gari lenye kiyoyozi, ikitolewa ghafla kwenye joto lenye unyevunyevu wa ziwa, hutoka jasho. Utando unakua huku unapiga, kwa hiyo fremu ya tano haifanani na ya kwanza na programu inachanganyikiwa. Kufuta kwa kitambaa hakusaidii, maana unarudi papo hapo. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa hadi saa nzima ipate joto taratibu. Kama unataka mapambazuko ya Matema, fika jana yake.

Programu inakataa kuunganisha

Mara nyingi fremu zimepitia WhatsApp kama picha za kawaida. Njiani zimebanwa na taarifa za shata na ISO zimefutwa, na bila hizo programu haijui ipi ni nyeusi kwa stopu ngapi. Zitume kama dokumenti, au uzichukue kwa kadi. Sababu nyingine ni kuchanganya RAW na JPEG, au fremu moja iliyokatwa ukubwa. HDRMerge inataka RAW tu.

Chenga kwenye vivuli

HDR iliyopigwa vizuri ina chenga chache kuliko picha moja. Zikiwa nyingi, fremu yako nyeupe haikuwa nyeupe ya kutosha. Rudi kwenye kupima mwanga hapo juu. Nukta nyekundu na buluu zilizotawanyika kwenye fremu za sekunde nyingi ni joto la sensa. Kamera ina kipengele cha kuzifuta, lakini kinafanya hivyo kwa kupiga fremu ya giza ya urefu uleule baada ya kila fremu: sekunde 15 zinakuwa 30, na mawingu yanaendelea na safari. Kizime wakati wa HDR, nukta utazifuta kwenye kompyuta.

Mkanda mweupe kuzunguka mlima

Sasa tumefika kwenye makosa ya kompyuta kweli. Mlima Rungwe dhidi ya anga ya jioni, na kuzunguka mgongo wake wote kuna mng'ao kama umechomekwa taa nyuma. Programu imeinua mwanga wa mlima na kushusha wa anga, na pale vinapokutana imeshindwa kuamua. Punguza nguvu ya kubana mwanga, na kama programu ina kitelezi cha upana au ulaini, kama Photomatix, kipeleke upande wa laini. Clarity na Dehaze nazo hutengeneza mkanda huu zikizidi. Zirudishe sifuri kwanza, uone kama si zenyewe. Njia safi zaidi ni kuishughulikia anga peke yake kwa barakoa. Na usikague mkanda huu kwa kukuza picha. Ipunguze hadi iwe ndogo kama ya kwenye simu, ndipo utauona.

Kila kitu kinaonekana, lakini picha imekufa

Highlights iko −100, Shadows iko +100, na kila kitu kimekuwa kijivu cha katikati. Kitaalamu hakuna kilichoharibika, ila jicho halijui mwanga unatoka wapi. Anga lazima ibaki na mwanga kuliko ardhi inayoangazwa nayo. Ikiwa nyeusi kuliko nyasi, umepitiliza. Rudisha Shadows hadi +30 au +40, kisha shusha Blacks mpaka sehemu ndogo kabisa za picha ziwe nyeusi halisi. Ndani ya korongo la Isimila kuna mashimo ambayo hata ukisimama mbele yake huoni kitu. Yaache yawe giza.

Rangi huharibika hapo hapo. Ukibana mwanga, rangi huonekana zimeiva kuliko zilivyokuwa, hata kama hukuzigusa. Udongo mwekundu wa Iringa unageuka chungwa la plastiki, na chai inakuwa kijani cha rangi ya kuchorea. Shusha Saturation −10 hadi −15 kwa ujumla, halafu kijani peke yake ukisogeze kidogo kuelekea njano. Chipukizi za chai zina njano nyingi kuliko watu wanavyokumbuka.

Anga ina matabaka kama ngazi

JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ukizinyoosha kwenye anga inayofifia taratibu, nafasi kati ya ngazi zinaonekana. Piga RAW, na ukihamisha picha kati ya programu mbili tumia TIFF ya biti 16. JPEG iwe ya mwisho kabisa, baada ya kumaliza.

Kwenye kompyuta inang'aa, kwenye simu au karatasi ni giza

Kama rangi zimefifia, faili limetoka na rangi za Adobe RGB au ProPhoto. Litoe kwa sRGB. Kama ni giza tu, skrini ya kompyuta imewekwa mwanga mkali mno, na uliiongoza picha kwa skrini inayodanganya. Ishushe mpaka ukurasa mtupu mweupe ufanane na karatasi iliyoshikwa kando yake chini ya mwanga wa chumba. Hakikisha pia kitufe cha HDR kilicho kwenye sehemu ya Edit ya Lightroom kimezimwa: hicho ni cha skrini maalumu zenye uwezo huo, hakihusiani na kuunganisha fremu, na picha iliyoandaliwa nacho hubadilika ikifika kwenye skrini ya kawaida. Kabla ya kuagiza chapa kubwa, chapisha kipande cha ukubwa wa kadi ya posta chenye anga na kivuli pamoja. Kivuli kikizama kwenye karatasi, ongeza nusu stopu kwenye nakala ya kuchapisha peke yake.